Mwongozo wa Kumtoa Mbwa Mkorofi, kwa Wakazi wa Tukuyu na Jirani Zake

Kwa hiyo umeamua. Juzi kaua mtetea wa jirani, jana kamkimbiza dereva wa bodaboda mpaka pikipiki ikaingia mtaroni, na leo asubuhi kijana anayekusanya maziwa kasimama barabarani akapiga kelele kwamba uani kwako hakanyagi tena. Shemeji yako ameshatoa ushauri wake: mbwa atiwe kwenye gunia, gunia lipandishwe kwenye fuso la ndizi, na huko mbele ya Uyole dereva atajua mwenyewe pa kulishusha.

Mwongozo huu ni wako, usome kabla gunia halijafungwa. Hatua zake zinafuatana, na hairuhusiwi kuruka. Ukizimaliza zote na bado unataka kumtoa mbwa, mtoe, na utamtoa kwa namna unayoweza kuisimulia mbele ya mwenyekiti wa kitongoji bila kushusha sauti. Sharti la mwongozo ni hilo moja: mbwa atolewe mchana, mbele ya watu, na habari zake zote ziende pamoja naye.

Mtafute kwanza mwenye mbwa

Wakusanye wote wa nyumbani jioni, uulize: mbwa huyu ni wa nani? Baba atasema ni wa vijana, kwa kuwa ndio waliomleta. Vijana watasema ni wa baba, kwa kuwa ndiye aliyetaka mlinzi baada ya mikungu miwili kukatwa usiku. Mama hatasema kitu, naye ndiye anayemmwagia mabaki ya chungu kila siku. Watoto watasema ni wao, na hao ndio wa kuaminiwa, maana wao tu ndio wanaomwita kwa jina.

Uliza tena: alichanjwa lini mara ya mwisho? Kama hakuna anayejua, uamuzi wa kumtoa umeahirishwa. Nyumba yenu haijawahi kumfuga huyu mbwa, imemweka tu. Mteueni mtu mzima mmoja awe mwenye mbwa kuanzia jioni hiyo. Ajue amekula nini, amelala wapi, na kadi yake ya chanjo imehifadhiwa wapi. Mtoto wa darasa la nne asibebeshwe kazi hiyo, hata kama anampenda mbwa kuliko nyinyi nyote. Wapeni muda, yeye na mbwa, miezi miwili ya kweli, ndipo mkutane tena.

Mkague kwa mikono

Mwenye mbwa aanze kazi kesho yake asubuhi, mbwa akiwa amekula na ametulia. Apitishe vidole shingoni. Hapo ndipo siri nyingi za ukorofi zinapokaa. Kamba ya katani aliyofungwa akiwa mdogo haikukua pamoja naye, au mnyororo ulifungwa kwa kipande cha waya na ncha ya waya inachoma kila anapogeuza kichwa. Manyoya ya chini yamekwisha, ngozi imelowa, ina harufu. Akivutwa mnyororo ili afungwe, anauma mkono. Mkono ule ungekuwa unaumiza kidonda chako kila siku, nawe ungeuuma.

Kisha masikio. Yafunue yote mawili, utazame ndani kabisa, kwa sababu kupe wa kwetu hupenda kujipanga pale penye ngozi laini. Tazama katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, na kwapani. Fungua mdomo kama anakuruhusu, uangalie jino lililovunjika. Bonyeza tumbo taratibu. Mbwa aliyekuwa mpole miaka miwili akaanza kukoroma ghafla anapoguswa, mtafutie maumivu kabla hujamtafutia hukumu. Dawa ya minyoo na dawa ya kuogesha kupe zinapatikana kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, na bwana mifugo wa kata atakuambia kipimo kulingana na uzito. Usikadirie mwenyewe, wala usitumie dawa ya kunyunyizia ng'ombe kwa kipimo cha ng'ombe.

Ukimaliza kumkagua yeye, kagua mahali pake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake haina utani. Sasa nenda pale anapofungwa mbwa wako, chini ya mgomba au chini ya mdomo wa bati, uchuchumae saa moja mvua ikiwa inanyesha. Hili ni agizo, lifuate. Utagundua maji ya bati yanamwagikia wapi. Utagundua tope linafika wapi. Utagundua pia kwamba ukiwa pale humwoni anayekuja mpaka awe amekufikia, na ndiyo maana mbwa hubweka kila jani la mgomba linapotikisika. Vibao vichache vya mbao, sakafu iliyoinuliwa shubiri moja kutoka ardhini, na mlango unaotazama njia, vimenyamazisha mbwa wengi kuliko fimbo.

Uliagiza mbwa mkali, ukaletewa

Hapa mwongozo unataka ukumbuke alivyokuja. Alitolewa kwa mama yake akiwa na majuma manne au matano, kwa imani kwamba akichukuliwa mdogo atamzoea bwana mpya. Alifungiwa kibandani asione watu, ili awe mkali. Wapo wanaowapa mbwa pilipili. Wapo wanaowaagiza watoto wamchokoze kwa mti ili akomae. Mchana kutwa mnyororo, usiku afunguliwe.

Mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama yake mpaka majuma nane hivi, kwa sababu ni mama na ndugu zake wanaomfundisha kuuma bila kuumiza. Na kuanzia majuma matatu mpaka kama kumi na manne ndio wakati ambao akili yake inapokea dunia: watu wafupi na warefu, watoto wanaokimbia, wazee wenye bakora, mwavuli unaofunguliwa ghafla, pikipiki, kuku. Alichokiona wakati huo bila kuumizwa atakichukulia kuwa cha kawaida maisha yake yote. Alichofichwa atakiogopa, na mbwa mwoga aliyefungwa mnyororo, asiyeweza kukimbia, amebakiwa na meno tu.

Kwa hiyo unapolalamika kwamba ni mkali, unalalamikia mzigo ulioulipia. Mlinzi mzuri hubweka mgeni anapokuja na hunyamaza mwenye nyumba anapomkaribisha. Kazi hiyo mbwa huifanya vizuri akiwa anawajua watu. Yule asiyejua kumtofautisha mwizi na mchungaji wa kanisa halindi nyumba, anaifungia nje ya kijiji.

Makosa yanayorekebishika

Kuua kuku si sababu ya kumtoa mbwa. Ni sababu ya kutazama sufuria yake. Anayepewa ugali mtupu na maganda ya ndizi ataitafuta nyama, na nyama iliyo karibu ina manyoya. Mchanganyie usipa wa Ziwa Nyasa, hata ule uliovunjika unaouzwa rahisi sokoni, mara mbili kwa siku kwa saa zisizobadilika. Vifaranga uwajengee tenga au wavu mpaka wakue. Kuku wa jirani aliyeuawa mlipe siku hiyohiyo, tena uende mwenyewe, usimtume mtoto. Deni la kuku likilala, linaamka likiwa kesi ya mbwa, na kesi ya mbwa huamuliwa kwa sumu usiku.

Anayefukuza bodaboda anafukuza kinachokimbia, na siku moja ataua dereva au abiria. Hili halisubiri. Funga waya mrefu kati ya miti miwili ndani ya uwanja, mbali na barabara, mnyororo wake uteleze juu ya waya huo ili aweze kutembea huku na huko. Asubuhi mapema mtembeze kwa kamba, nusu saa tu. Watu watakushangaa. Waache washangae, baada ya wiki mbili watauliza umempa dawa gani.

Anayezurura usiku, kama ni dume, mara nyingi anafuata jike lenye joto huko kitongoji cha tatu. Kumhasi kunapunguza sana kuzurura na kupigania majike. Kuhasi hakumgeuzi mbwa mwoga kuwa jasiri wala aliyezoea kuuma kuwa mpole, usidanganywe kwa hilo. Na kama una jike, kumbuka mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mbwa wengi wasio na mwenyewe wanaopita karibu na masoko ya Kiwira na Tukuyu walizaliwa nyumbani kwa mtu aliyesema atawapatia wenyewe.

Kwa wanaokaa Isongole, Kyimo na vijiji vinavyopakana na msitu kuna jambo zito zaidi. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009, na ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza duniani mwaka 2005. Anapatikana Tanzania pekee, katika misitu ya Rungwe na Kitulo na katika Ndundulu huko Udzungwa. Sensa ya kwanza ilihesabu wapatao 1,100 tu. Kuwindwa kwa kutumia mbwa ni moja ya mambo yaliyompunguza. Kwa hiyo ukitangaza kwamba una mbwa mkorofi, mtu wa kwanza kuja atakuwa kijana mwenye panga atakayesema, "Nipe mimi baba, anafaa porini huyo." Mkatalie. Utakuwa umetoa mbwa mmoja na kuongeza jangili mmoja.

Mtihani wa msiba

Nyumba ya Rungwe haina geti siku ya msiba. Kabla mwili haujaletwa uwanja umejaa: akina mama wanapika chini ya migomba, vijana wanachimba kaburi, wazee wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, watu wa Kyela na Mbeya wanashuka kwenye mabasi wakilia kwa sauti. Mbwa aliyeishi na watu watano anaona watu mia tatu wageni, wote wana uchungu, wote wanapiga kelele, na mwenye nyumba wake hana nafasi ya kumtazama.

Jiulize siku hiyo mbwa wako atakuwa wapi. Jibu zuri ni kibanda chenye mlango na komeo, nyuma ya nyumba, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kumpa maji. Au nyumba ya jirani anayemfahamu. Jibu likiwa ni "Tutaona," umepata kazi ya kufanya wiki hii. Na likiwa ni kwamba hakuna komeo linalomzuia, ameshavunja kibanda na kuumiza mtu, basi sasa ndipo tunafika kwenye sehemu ngumu.

Aliyeuma mtu

Kuuma kukitokea, sahau mbwa kwanza. Shika aliyeumwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, hata kama ni mchubuko. Lisipakwe majani, mafuta ya taa wala tumbaku. Kisha aende kituo cha afya au hospitali, kwa mji wetu ni ile ya wilaya, Makandana, siku hiyohiyo, akaanze chanjo, na amalize dozi zote kwa tarehe atakazopewa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba, ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na makadirio yanayotumika sana kwa Tanzania ni watu 1,500 kwa mwaka. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Watoto huumwa usoni na kichwani, kwa kuwa uso wao uko kimo cha mdomo wa mbwa, na wengi hawasemi nyumbani kwa kuogopa kuchapwa. Mtoto wako ajue leo kwamba akiumwa na kusema, hatachapwa.

Sasa rudi kwa mbwa, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanamuua palepale kwa hasira. Usimuue. Mfunge mahali imara, mpe chakula na maji bila kumgusa, mwite bwana mifugo, na mwangalieni kwa siku kumi. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku alipouma ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo: atabadilika tabia, atashindwa kumeza, mate yatamtoka, sauti itapotea, miguu ya nyuma italegea. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, anakula na kubweka kama kawaida, aliyeumwa hakupata kichaa kutoka kwake, na daktari ataamua dozi zilizobaki akilijua hilo. Ukimuua na kumtupa mto Kiwira umeua jibu. Akifa mwenyewe msimkate wala kumchuna. Mwite bwana mifugo achukue sampuli ya kichwa, iende maabara ya veterinari, naye ana njia yake salama ya kuifanya kazi hiyo.

Ndani ya siku hizo kumi mbwa hahami. Haendi kwa shemeji, haendi kwa mlinzi wa kiwanda cha chai, hauzwi kwa mpita njia. Mtu anayegawa mbwa aliyeuma jana amemficha shahidi wa ugonjwa na kumpelekea mwenzake hatari ambayo mwenzake hajui jina lake. Katika mwongozo mzima, ukikumbuka kanuni moja iwe hii.

Siku kumi zikipita salama, ndipo mpime. Aliuma vipi? Alikanyagwa mkia akashika suruali na kuachia? Alikuwa na mfupa mbele yake na mtoto akaja kuuchukua? Au alitoka mwenyewe, kimya, akamfuata mtu aliyekuwa anaenda zake, akauma, akaachia, akauma tena? Wa kwanza na wa pili wanaweza kukaa nyumbani kwenye uangalizi wa mtu mzima, au kwenye nyumba nyingine isiyo na watoto. Wa tatu, kama amerudia, sina nyumba ya kumshauri.

Kumtafutia nyumba

Kama umefika hapa, umejaribu, na bado hapakaliki, kwa mfano mnahamia chumba cha kupanga Mbeya mjini, au mgonjwa nyumbani hawezi kelele, basi tafuta. Vikundi vya kuokoa wanyama vinavyojulikana, kama Mbwa wa Africa na ASPA, viko Arusha, na TAWESO iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Usitegemee kwamba kuna lango la kumwachia mbwa usiku. Nyumba ya mbwa wako itatoka kwa watu unaowajua: mwenye shamba la viazi huko Isongole, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa asiye na kuku, bweni la shule linalohitaji mlinzi. Familia ya Kiislamu nayo usiivuke, mbwa wa kulinda zizi na shamba anaruhusiwa, mradi makazi yake yawe nje. Uliza tu kwa heshima.

Nenda mwenyewe, bila mbwa, ukaseme maneno yote. Mazungumzo mazuri ni mafupi kama haya:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa heri?"

"Kwa heri, mzee. Nina mbwa nataka kumtoa."

"Kakosa nini?"

"Anaua kuku. Mtu hajawahi kumuuma. Radi ikipiga anatetemeka na kuingia chini ya kitanda. Chanjo yake hii hapa, ya mwaka huu."

"Kuku mimi sina. Na hizo radi za kwetu hata mimi zinanitetemesha. Mlete Jumamosi nimwone."

"Ndaga fijo, mzee."

Hapo umefanya kazi ya mtu mzima. Anayekupokea anajua analopokea, na akikataa amekataa jambo la kweli. Yule anayesema "hana neno, mpole kabisa" ndiye anayerudishiwa mbwa wiki ya pili pamoja na mtoto aliyefungwa bandeji.

Jumamosi mpeleke kwa miguu kama si mbali, kwa kamba, na gunia alilozoea kulalia ukiwa umelikunja begani. Usilifue, liwe na harufu yake. Beba bakuli lake na chakula cha siku mbili tatu, maana akibadilishiwa kila kitu kwa pamoja ataharisha na kukataa kula. Kaa pale mchana mzima. Mwache akuone unazungumza na mwenyeji, umekaa kwenye benchi lake, umekunywa chai yake. Mwenyeji ndiye ampe chakula, wewe usimpe. Ondoka anapokula. Kwa wiki mbili za mwanzo asifunguliwe usiku, kwa kuwa mbwa aliyehamishwa kutoka Katumba kwenda Kiwira anaifahamu njia ya kurudi kuliko dereva wa daladala, na atarudi kwa barabara kuu ya Uyole–Kasumulu yenye malori. Rudi kumtazama Jumapili ya pili. Na umwahidi mwenyeji, mbele ya mtu, kwamba akishindwa utamchukua. Asiyeweza kutoa ahadi hiyo hajatoa mbwa, amemtupa kwa adabu.

Watoto waambiwe

Katika nyumba nyingi watoto hurudi kutoka shule wakakuta mnyororo mtupu na kuambiwa, "Ametoroka." Basi mtoto anaanza kumtafuta. Anaita jina barabarani, anapita chini ya migomba ya watu jioni, anauliza kila mwenye baiskeli, na wiki nzima hutaelewa anachelewea wapi. Baadaye atajua, kwa kuwa siri ya mbwa haikai kijijini hata mwezi, na atajua pia kwamba wazazi wake waliweza kumtazama machoni na kumdanganya juu ya rafiki yake.

Mwambie kabla. Mweleze kosa la mbwa kwa maneno yake, mwonyeshe nyumba anakokwenda, mruhusu alie. Akitaka kwenda naye siku ya kumpeleka, mchukue. Kama mbwa atachomwa sindano na hatarudi, hilo nalo aambiwe kwa maneno yake kamili. Usiseme amelala. Mtoto anayeogopa kulala ni tatizo jingine.

Yasiyofanyika, na lile la mwisho

Gunia kwenye fuso, hapana. Kumwacha Uyole kwenye maegesho, hapana, atagongwa au ataanza kuuma watoto wa watu wengine bila chanjo. Sumu ya panya au dawa ya kunyunyizia mazao kwenye nyama, hapana kabisa. Anakufa kwa saa nyingi akitapika, na kuku anayekula matapishi yake anakufa, na paka wa jirani, na mbwa wa jirani ambaye hakukosa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlishe, ampe maji na makazi, amtibu, na asimtese. Hiyo ni sheria ya nchi na inamhusu mbwa wa Tukuyu kama inavyomhusu ng'ombe wa Tukuyu.

Kwa yule aliyeuma tena na tena bila kuchokozwa, au anayeteseka na ugonjwa usioponyeka, mwite daktari wa mifugo amchome sindano ya kumlaza asiamke. Lipia. Kaa karibu naye, mkono begani kwake, mpaka mwisho, kwa sababu umemfunga kwa miaka na ni haki yake asifie mikononi mwa mgeni. Kisha mzike chini sana, mbali na kisima. Hakuna aibu katika hilo. Mimi nasema wazi kwamba mwenye mbwa anayefanya hivi amemtendea mbwa wake vizuri kuliko anayempa mwingine kwa siri, na amewatendea vizuri zaidi watoto wa kijiji.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa. Bwana mifugo wa kata yako usimsubiri mpaka tarehe hiyo. Ili ugonjwa ukome kijijini, inatosha mbwa saba katika kila kumi wachanjwe, na chanjo yao inagharimu kidogo sana ukilinganisha na dozi za binadamu mmoja aliyeumwa. Mbwa wako, mkorofi au mpole, anayebaki au anayeondoka, mpeleke akachanjwe wiki hii, uweke kadi yake mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.